Mwaka Ambao Mikorosho ya Bibi Melania Haikupuliziwa

Mwezi uliopita tulimzika Bi Somoe kule Ruangwa. Simu iliyonifikia Songea haikuniita kwa jina wala kwa cheo changu cha ualimu. Ilisema tu, "Gwangwara, mtani wako amelala, njoo ufanye kazi yako." Wazee wa kusini bado wanatuita hivyo sisi Wangoni, kwa ajili ya babu zetu waliokuja na mikuki wakachoma vijiji vya Wamwera na kuondoka na mbuzi na wanawake. Vita hiyo iliisha zamani ikageuka utani. Mmwera akifiwa, Mngoni anaingia msibani, anamwigiza marehemu, anawachekesha waliofiwa, anasema lile ambalo ndugu hawawezi kulisema, na hakuna wa kumkunjia uso. Kazi hiyo nimeifanya mara nyingi na watu husema ninaiweza. Safari hii niliifanya vibaya. Nilipoingia jikoni kutafuta mwiko wa kumwigizia Bi Somoe, nikaikuta nyuma ya mlango ile mashine ya kupulizia mikorosho, imening'inia kwa mkanda wake, bomba lake refu limepasuka kwa joto la miaka. Nikainusa. Ilikuwa bado na harufu ya salfa. Nikakaa chini sakafuni, na wanawake waliokuwa wakinisubiri nje wakafikiri huo nao ni utani, wakaanza kucheka kabla sijafanya lolote.

Mashine ile niliijua Nachingwea, mwaka wa tisini na sita, mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilipangiwa shule ya msingi pale mjini, na nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, basi mwalimu mkuu akanipeleka kwa Mzee Athumani na mkewe Bi Somoe, watu wa Ruangwa waliohamia pale. Nyumba yao ilijengwa na Waingereza enzi za mashamba ya karanga: dari refu, madirisha ya wavu ulioota kutu, na chumba kimoja cha uani kilichowahi kuwa stoo ya mzungu fulani. Hicho ndicho nilichopewa. Mifuko ya salfa ilipangwa kwenye ukumbi, unga wa njano unaopuliziwa mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiri, na harufu yake iliingia kila mahali, kwenye mashuka, kwenye madaftari ya watoto, kwenye chai. Shuleni wenzangu walinijua nimefika kabla sijapita mlangoni. Nilichukia harufu ile kwa wiki moja, kisha nikaacha kuisikia.

Mzee Athumani alikuwa mwanajeshi mstaafu, mrefu, mwenye kifua kilichokwishaanza kumsumbua, na siku aliposikia mimi ni Mngoni alifurahi kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. "Somoe! Fungia kuku, limeingia Gwangwara!" Tangu siku hiyo hatukula mlo mmoja kwa amani. Bi Somoe akipika ming'oko, mizizi ile ya porini ambayo watu wa huku wanaipenda kuliko viazi, mimi ningesema, "Hii ndiyo mliyokuwa mnachimba mkiwa mmejificha babu zangu wasiwaone." Naye angejibu, "Babu zako walimchukua dada wa bibi yangu. Mpaka leo hatujapewa hata salamu. Somoe, mnyime mboga." Bi Somoe alikuwa ananiongezea mboga huku akicheka bila sauti, mabega yakitikisika. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nyumbani kwetu hakukuwa na kicheko kingi. Niliwapenda watu wale haraka, na sijui kama nimewahi kupenda watu wengine haraka hivyo tena.

Lakini kulikuwa na ndege. Nachingwea kuna uwanja wa ndege wa zamani, na mara mojamoja ndege ndogo ilitua, ya padri au ya mkubwa fulani wa serikali. Watoto wa shule walikimbia uwanjani wote. Mzee Athumani, akiwa katikati ya sentensi, katikati ya utani, aliinuka akaingia ndani, akakaa kwenye kigoda chini ya dari, mikono ameibana katikati ya magoti, mpaka sauti iishe. Bi Somoe aliendelea na shughuli zake kana kwamba mvua imenyesha na mzee ameingia kujikinga. Siku ya kwanza nilimfuata nikamtania: "Mmwera anaogopa hata ndege ya padri?" Ilikuwa mara ya kwanza utani wangu kumwangukia mtu asiujibu, na mtani asipojibiwa hubaki na aibu mkononi asijue aiweke wapi.

Jambo la pili lilikuwa Bibi Melania. Huyu alikuwa mama mmoja mjane wa Mnero, mcha Mungu wa kanisani, mwenye shamba la mikorosho lililorithiwa. Mwanawe wa pekee, Deo, alikuwa rubani wa ndege za kivita na alikufa mwanzoni mwa vita vya Kagera. Kila msimu, mvua zikiisha na mikorosho ikianza kutoa maua, Mzee Athumani alibeba mashine yake na mfuko wa salfa, akadandia lori mpaka Mnero, akapulizia shamba lote la mama yule. Hakuchukua malipo yoyote. Alilala kule siku kadhaa, kwenye kitanda cha Deo, na alirudi na korosho, mbaazi na salamu. Bibi Melania alimwita mwanangu. Mimi niliambiwa walikuwa pamoja jeshini, yeye na Deo, na sikuona cha kuuliza zaidi. Watu wema wapo.

Mwaka ule msimu ulipofika, Mzee Athumani alikuwa hawezi hata kuubeba mfuko mtupu. Kikohozi kilimkunja. Walimpima hospitali, wakampa dawa, wakamwambia apumzike, na namna walivyolisema neno hilo pumzika ilimfanya Bi Somoe alie njia nzima. Mashine ikabaki imening'inia. Mchana mmoja nilikuwa chumbani kwangu nikisahihisha, nao walikuwa uani, upande wa pili wa ukuta wa mabati, wakifikiri nipo shuleni.

"Nataka kumwambia kabla sijafa," alisema Mzee Athumani.

"Umwambie ili iweje?" Bi Somoe alisema. "Yule mama ameshalia akamaliza. Ana picha ukutani, ana misa kila mwaka. Ukimwambia, unamuua Deo wake upya."

"Kila mwaka ananiamsha na uji. Mwanangu, mwanangu. Nalala kitanda cha yule mtoto, Somoe."

"Basi ungeacha kwenda."

"Nisingeweza kuacha kwenda."

Kisha nikamsikia Bi Somoe, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Na mimi je? Huna mama, sina mama, mtoto hatukujaliwa. Yule ndiye mkwe niliyenaye. Ukimwambia, unaninyang'anya."

Sikutoka chumbani mpaka jioni. Lakini nyumba ile kuta zake zilikuwa nyembamba kwa pande zote mbili, na kikohozi changu cha salfa kilikuwa kimeshanisaliti. Kesho yake Mzee Athumani aliniita kibarazani, mbele ya sinia la njugu mawe, akanipa nimenye naye. Alianza kuongea huku akiangalia njugu.

"Tulikuwa kando ya ziwa kule, mwanzo kabisa wa vita. Mimi nipo kwenye mzinga wa kutungulia ndege. Amri ikaja, chochote kitakachotokea upande wa maji ni cha adui. Zetu zitatokea bara. Sawa. Juzi yake walikuja kweli, wakaangusha mabomu, tukawakosa. Tumetukanwa, tumelala na hasira. Asubuhi hiyo ikatokea ndege upande wa maji." Akamenya njugu, akaiweka, akamenya nyingine. "Ndege za Amin na zetu ni zile zile, mwalimu, zimetoka kiwanda kimoja. Kama watoto wa shule na sare. Utamjuaje nani wa nani, na jua liko machoni? Nikapiga. Mara ya kwanza kupiga nikapata."

"Ilikuwa ya Deo."

"Alizunguka. Nafikiri mafuta yalimwishia, au alipotea, akatafuta njia fupi ya kurudi. Hatukujua. Unajua tulifanya nini? Tulicheza. Tulitoka kwenye mashimo tukaimba, wakanibeba juu juu, mimi nikaimba kuliko wote. Tunaimba hivyo likaja gari kutoka kule ndege ilikoangukia. Jamaa akashuka ameshika kofia ya rubani. Tukaiona bendera yetu kwenye kofia." Alikohoa muda mrefu. "Kupiga, nilipewa amri. Lile la kucheza ndilo linaloniua. Hilo hakuna aliyeniamuru."

Hakushtakiwa. Jambo lilifungwa, familia ikaambiwa kijana wao ameanguka mbele ya adui, na vita ikaendelea. Alipouliza yule rubani alikuwa mtu wa wapi, akaambiwa kusini, Mnero. Mmwera mwenzake. Alipostaafu hakurudi Ruangwa. Alihamia Nachingwea ili awe karibu na Mnero, na mwaka wa kwanza alipokwenda kule akiwa amedhamiria kusema, mama akamkumbatia mlangoni kabla hajafungua mdomo, kwa sababu alivaa koti la jeshi. Mwaka uliofuata akaona heri abebe mashine.

"Sasa siwezi tena kwenda," alisema. "Utaenda wewe, Gwangwara."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mimi ni mtoto, ni mgeni, si jambo langu. Akaniangalia kama ninayejifanya mjinga. "Mimi nikituma Mmwera, ni ugomvi wa ukoo. Nikituma padri, atamtetea Mungu kwanza. Wewe ni mtani wake. Hata ukimwambia jambo baya kiasi gani, hawezi kukufukuza. Tumewekewa nyie kwa ajili hiyo." Bi Somoe alikuwa amesimama mlangoni, na nilimtazama nikitumaini atakataa. Alisema tu, "Chukua khanga ya kujifunika, njiani kuna vumbi," akaingia ndani.

Nikaenda wakati wa likizo ya Juni, juu ya lori la magunia. Bibi Melania alikuwa mdogo wa umbo, miguu pekupeku, rozari shingoni, na aliposikia natoka kwa Athumani alinishika mikono yote miwili. Aliposikia mimi ni Mngoni aliniachia mikono akapiga ukelele majirani wote wakatoka. "Jamani! Wamerudi! Ficheni mbuzi!" Nikawekwa kwenye mkeka, nikaletewa ugali wa muhogo na mbaazi za nazi, na kila tonge lilikuja na tusi lake. Ukutani kulikuwa na picha ya Deo, kijana mwembamba akicheka, kofia ya rubani kwapani. Kupitia mlango wa chumba niliona kitanda chake kimetandikwa shuka safi. Alikuwa amekitandika akimsubiri Athumani. Mikorosho yake ilianzia nyuma ya nyumba na maua yalikuwa yameshachanua.

Nilisubiri majirani waondoke. Nilisubiri aache kucheka, lakini kila nilipotuliza uso wangu yeye aliutania huo uso. Ndivyo tulivyo, watani wawili wakikutana, hakuna mlango wa kuingilia kwenye maneno ya kawaida. Mwisho nikasema tu: "Bibi, nimetumwa. Athumani anasema si adui aliyemtungua Deo. Ni yeye. Alikuwa kwenye mzinga, akaambiwa ndege ya upande wa maji ni ya adui, akapiga. Na baada ya kupiga alicheza, kabla hajajua. Anaumwa, anakufa, anataka ujue."

Alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka machozi yakamtoka akayafuta kwa ncha ya khanga. "Gwangwara nyie! Mmetuua mkachoka, sasa mnatafuta wa kumsingizia!" Nikasema, "Bibi, si utani." Akasema, "Na wewe uliwahi kuona Mngoni anasema kitu kisicho utani?" Akainuka, akakusanya vyombo. Hakuniacha nirudie. Asubuhi alinifungia ming'oko kwenye kapu, akanisindikiza mpaka lilipo lori, na pale, akiwa ameshika ubao wa lori, akasema, "Mwambie Athumani mikorosho yangu haijapuliziwa. Mwambie aje."

Nilirudi Nachingwea mchana. Mzee Athumani alikuwa amevaa kanzu safi, amekaa kibarazani, naona tangu alfajiri. Nikamweleza yote, neno kwa neno, hata namna alivyoshika mbavu. Alisikiliza mpaka mwisho. "Alicheka," alisema.

"Alicheka. Lakini amesema uende. Mikorosho haijapuliziwa."

"Hakuamini, basi. Angekuwa ameamini asingeniita." Alisema hivyo polepole, bila kinyongo na mimi, kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwingine. "Tumekwisha, Gwangwara. Jambo likishasemwa kwa utani halisemeki tena. Nikienda mwenyewe sasa atadhani tumepanga." Bi Somoe alileta chai. Nilimuona usoni ana nafuu, na nilimwonea uchungu kwa nafuu ile, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akijitahidi kuificha.

Baada ya siku hiyo nyumba ilibadilika. Mzee Athumani alinitania bado, lakini alitania kama anayelipa ada. Wapita njia wa Mnero walileta habari kwamba Bibi Melania amemkatalia kila kijana aliyetaka kumpulizia shamba. "Anakuja mwenyewe wa kupulizia," aliwaambia. Ubwiri ukaingia, maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga wa muhogo, kisha meusi, yakapukutika. Tulipomweleza Mzee Athumani aligeukia ukuta. Nilimwambia twende, nitakubebea mashine mimi, tupande lori wote. Bi Somoe naye, najua ilivyomgharimu, alisema, "Nenda, mume wangu." Mzee akasema kifua hakitafika. Kifua kingefika. Wakati ule kingefika bado. Alikufa mabibo ya mikorosho ya watu wengine yakiwa yameiva barabara nzima, shamba la Bibi Melania likiwa halina hata tunda moja.

Alizikwa kwao Ruangwa. Wanaume walibeba jeneza kwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki uani, na wote wakanigeukia mimi. Bi Somoe alikuwa kwenye mkeka, amefunikwa, na aliniitikia kwa kichwa: fanya. Basi nikaivaa mashine ya mzee, iliyokuja na vyombo kutoka Nachingwea, nikajifunga kitambaa puani, nikakohoa kikohozi chake, nikapita kwa hatua zake ndefu katikati ya waombolezaji nikiwapulizia: "Huyu naye ana ubwiri! Na huyu! Somoe, lete salfa!" Walicheka wakilia. Ndipo nikamwona Bibi Melania. Alikuwa ameketi mwisho wa mkeka, rozari yake katikati ya Waislamu, vumbi la safari miguuni. Akainuka. Akaja mpaka nilipo, akalishika lile bomba kwa mikono yake miwili. Watu wakashangilia, walidhani Mmwera anamnyang'anya Mngoni mali ya marehemu. Akalielekeza juu, juu ya paa, juu ya miti, akalisogeza taratibu angani akifuata kitu kisichokuwepo. Akalisimamisha. Akakaa hivyo, mdogo, pekupeku, amelenga mbingu. Uani wote walicheka. Bi Somoe alijifunua uso, akamtazama, akaweka mkono mdomoni.

Baadaye nilimmiminia Bibi Melania maji ya kunawa. Alinawa muda mrefu.

"Nilikupa neno la kumpelekea," alisema.

"Nilimfikishia, bibi. Siku ile ile."

"Lote?"

"Lote. Kwamba mikorosho haijapuliziwa, aje."

"Na mbona hakuja? Nimetandika kitanda mpaka juzi. Nimekataza watu shamba langu, nimesema, akiliona linakufa atakuja." Alinitazama, na hakukuwa na utani wowote usoni mwake, ndipo nikajua unavyoonekana uso wake usipokuwa nao. "Alisemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Bi Somoe alikuwa karibu, anasikia, na macho yake yaliniomba nimdanganye. Nikasema, "Alisema hukuamini. Alisema, angekuwa ameamini asingeniita."

Maji yaliisha kwenye kopo. Bibi Melania aliendelea kushikilia mikono yake mbele, wazi, kama anayengoja mengine.

"Mimi nilimwita," alisema, "kwa sababu niliamini."